Punda Naye Ana Ukoo

Mfugaji wa Tanga anapokwenda kununua mtamba huanza kwa kuuchunguza ukoo wake. Huuliza mama yake hukamuliwa lita ngapi asubuhi na ngapi jioni, huuliza kama mtamba alizaliwa kwa mrija wa kupandikiza mbegu au kwa dume la jirani, humtazama miguu, mgongo na mpangilio wa chuchu, na akiwa mtu makini huomba kuiona kadi yake ya kumbukumbu. Mfugaji huyo huyo akihitaji punda huenda mnadani, hufunua mdomo wa mnyama na kuyatazama meno, hupatana bei, humfunga kamba na kuondoka naye. Haulizi mama yake alikuwa mvumilivu au mkaidi, wala baba yake alikuwa na kwato za namna gani. Familia yangu imefuga wanyama hawa wawili pamoja kwa miaka mingi, na ninachotaka kukieleza hapa ni kwa nini tuliamua kwamba punda naye ni mnyama wa kuchaguliwa, wa kupandishwa kwa mpango na wa kuandikiwa kumbukumbu, na jinsi tunavyoifanya kazi hiyo katika ukanda wa pwani ambao haujawahi kuwa mwepesi kwa mnyama yeyote mwenye kwato.

Shamba letu liko katika nchi ya vichaka na minazi kati ya Muheza na Pangani, ambako barabara za udongo hupita kandokando ya mashamba ya mkonge na kuteleza vibaya masika yanapoingia. Tuna ng'ombe chotara wa maziwa, kundi dogo la ng'ombe wa nyama wenye damu ya Boran, na punda wa kazi ambao wengi wao wamezaliwa hapa hapa. Ni shamba la familia kwa maana halisi ya neno hilo: baba alilianzisha, mama ndiye aliyesimamia maziwa tangu mwanzo, kaka yangu anashughulika na malisho na uzio, mimi niko zizini na kwenye madaftari, na watoto wetu wanaorudi kutoka shule hawapiti mlangoni bila kupewa kazi.

Vijana wanaotutembelea, ambao wamewaona kwenye simu zao wachungaji wa Marekani na Ajentina wakikusanya ng'ombe wakiwa juu ya farasi, huuliza kwa nini sisi hatufugi farasi. Jibu lake ni la siku nyingi, na pwani hii imelitoa zaidi ya mara moja. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone akiwa na farasi wawili na punda zaidi ya 20, na mmoja wa farasi hao alikuwa zawadi ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Farasi wote wawili walikufa mwanzoni kabisa mwa safari, wakifuatana kwa muda mfupi, hata pwani haijawa mbali nyuma yao. Punda nao walikufa wengi, lakini wapo waliovuka nyika na kufika hadi Mto Malagarasi, na mmoja wao alipofia mtoni hapo hakuuawa na ugonjwa bali na mamba.

Farasi ana maadui wawili wakubwa katika nchi yetu, na wote wawili wana mabawa. Wa kwanza ni ndorobo, anayeeneza vijidudu vya tripanosoma vinavyosababisha nagana. Ng'ombe wetu wa asili huweza kuishi navyo kwa muda akikonda polepole, lakini farasi huporomoka haraka. Wa pili ni visubi, wale wadudu wadogo wa jioni, ambao hueneza virusi vya tauni ya farasi ya Afrika. Ugonjwa huo ukishika mapafu, farasi zaidi ya 9 katika kila 10 hufa, tena kwa kukosa pumzi. Pundamilia na punda wa Afrika huambukizwa virusi hivyo hivyo na mara nyingi hupona pasipo mtu kutambua kwamba waliugua. Mnyama wa kazi wa pwani, basi, alikwisha kuchaguliwa na nchi yenyewe kabla sisi hatujaanza kuchagua chochote. Kilichobaki mikononi mwetu ni kumchagua punda bora kati ya punda.

Namna hii ya kufikiri niliirithi kwa baba, naye aliipata katika ranchi ya Mkwaja, kusini mwa Mto Pangani. Ranchi hiyo ilianzishwa katika miaka ya 1950 na kampuni ya mkonge ya Amboni ili kuwapatia nyama wafanyakazi wa mashamba yake, ambao walikuwa maelfu. Ilikuwa na ardhi ya zaidi ya hekta 40,000 karibu na bahari, yenye majani marefu, mvua za kutosha na ndorobo kila upande. Mtu wa kawaida angesema kwamba hapo si mahali pa kufugia ng'ombe. Hata hivyo ranchi ilifuga maelfu ya Boran kwa karibu nusu karne, na iliweza kufanya hivyo kwa sababu hakuna ng'ombe aliyeachwa bila kuandikwa, bila kupimwa na bila kudungwa sindano za kinga ya nagana kwa wakati wake.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ilianza kuogesha ng'ombe wake kwa deltamethrini. Baba hakuchoka kutueleza kuhusu dawa hiyo, kwa sababu iliugeuza mpango mzima wa kazi. Zamani dawa ya josho ilikuwa ya kupe; hii ilibaki kwenye manyoya, na ndorobo aliyetua kunyonya damu aliondoka na sumu miguuni. Ng'ombe mwenyewe akawa mtego unaotembea, na kadiri kundi lilivyozidi kuwa kubwa ndivyo ndorobo walivyozidi kupungua katika eneo lote la malisho. Mfugaji mwenye ng'ombe watatu hawezi kupata matokeo hayo peke yake. Ndiyo maana mpaka leo tunakubaliana na majirani zetu siku ya kuogesha, ili wote waogeshe ndani ya wiki moja badala ya kila mtu kuogesha anapokumbuka.

Ranchi ilifungwa mwaka 2000, na ardhi yake sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa mwaka 2005. Ukipita huko utaona mambo mawili ambayo ng'ombe waliyaacha nyuma. La kwanza ni msitu wa migunga ya aina moja, Acacia zanzibarica, ambayo iliota kwa wingi kwenye sehemu zilizolishwa kwa miaka mingi hadi majani yakashindwa. La pili ni mahali palipokuwa mazizi ya usiku: samadi iliyorundikana kwa miongo iliirutubisha ardhi kiasi kwamba hata baada ya ng'ombe kuondoka huota majani ya namna nyingine, mafupi, yanayowavuta ngiri na swala. Baba alipotupeleka kuyaona mazizi hayo ya zamani alisema maneno machache tu, kwamba zizi lisihamishwe ovyo na malisho yasichoshwe, kisha akarudi garini. Sisi tunahamisha zizi la ng'ombe wa nyama kwa zamu, na kila linapoondoka tunapanda mahindi.

Tukiwa bado kwa ndorobo, kuna jambo la Tanga ambalo nadhani watu wa Tanga wenyewe hawalijui inavyostahili. Katika miaka ya 1990 ndorobo wa Unguja walitokomezwa kabisa, na kazi hiyo ilitegemea kituo cha utafiti kilicho hapa jijini Tanga. Ndorobo walilelewa humo kwa wingi mkubwa, wakilishwa damu kupitia utando wa silikoni, kisha madume wakapigwa mionzi ya gama ili wasiweze kuzalisha, wakasafirishwa na kurushwa kwa ndege juu ya kisiwa. Kati ya mwaka 1994 na 1997 walirushwa mamilioni. Jike la ndorobo kwa kawaida hupandwa mara moja maishani, na hata likiwa na afya njema hutoa buu moja tu kila baada ya siku tisa au kumi, hivyo jike lililokutana na dume tasa halikuacha kizazi. Ndorobo mwitu wa mwisho wa Unguja alinaswa mwaka 1996. Mbinu hiyo ilifaa kisiwani kwa sababu bahari huzuia ndorobo wengine kuja. Huku bara, ambako vichaka vimeungana mpaka Saadani na zaidi, tunabaki na josho, mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi, na uangalifu.

Ng'ombe wa maziwa ni habari nyingine, kwani kwao adui wa kwanza ni kupe. Kupe wa sikio wa rangi ya kahawia hueneza ndigana kali, na ndama chotara asiyechanjwa anaweza kuugua na kufa ndani ya majuma machache. Tunachanja ndama wetu wote, tunakagua masikio kila siku, na tukiona tezi chini ya sikio imevimba hatungoji hata jioni ifike. Kuhusu damu ya kigeni nina msimamo ambao majirani zangu wengi hawaukubali: ng'ombe wa robo tatu Friesian anatosha kabisa kwa pwani, na anayefukuzia damu safi katika joto na unyevu wa Tanga ananunua lita za mwaka wa kwanza kwa gharama ya afya ya miaka inayofuata. Ng'ombe aliyezidi damu ya kigeni huhema mchana kutwa kivulini badala ya kula, hachukui mimba kwa urahisi, na kwato zake hazivumilii tope.

Maziwa ndiyo yaliyotuingiza kwa punda. Mkoa wa Tanga una mpango wa maziwa wa wafugaji wadogo uliojengwa tangu miaka ya 1980 kwa msaada wa Uholanzi, ukazaa vyama vya ushirika vya msingi, chama kikuu chao na kiwanda cha Tanga Fresh. Uzuri wa mpango huo ni kwamba mkulima wa kijijini ana soko la uhakika. Masharti yake ni kwamba maziwa yafike kituoni mapema na yakiwa mazima. Mpokeaji huyapima maziwa kwa laktomita ili kujua kama yametiwa maji, kisha huyachanganya na spiriti kidogo, na yakiganda tu yanarudishwa. Joto la huku halisubiri. Tunakamua kabla ya alfajiri, na tangu tunapomaliza tuna muda wa saa mbili au tatu.

Siku za kiangazi bodaboda hufanya kazi hiyo vizuri, nami sina neno nayo. Masika ni jambo tofauti. Udongo wetu ukilowa hugeuka utelezi, pikipiki huanguka pamoja na madumu, na kwenye makorongo maji hupita juu ya barabara. Punda hupita. Huweka kwato zake ndogo mahali anapoona pameshika, husimama anapopatilia shaka, na ukimwacha atazame atakuonyesha njia. Ndiye pia anayeleta majani ya tembo kutoka bondeni, mashudu ya nazi kutoka barabarani, maji wakati wa ukame, kuni na samadi. Kabla hatujawa na punda wa kutosha kazi hizo zote zilikuwa juu ya vichwa na migongo ya mama na dada zangu. Ninapohesabu faida ya shamba hili naanzia hapo, kwenye muda waliorudishiwa.

Punda wetu wa kwanza walitoka mnadani Handeni na walikuwa kama walivyo punda wengi wa mnadani: wadogo, wenye makovu begani, waliotumikishwa kabla ya umri wao. Baadaye tulipata majike mawili kwa mzee mmoja wa Kiparakuyo ambaye boma lake liko upande wa Handeni, na hapo ndipo nilipoona tofauti. Nilimwamkia, akaniitikia, akanikaribisha maziwa, kisha akaniambia, "Mwanangu, huyu mama yake alivuka mto na watoto wawili mgongoni maji yakiwa yamejaa, hakushtuka. Huyu mwingine ni binti wa yule aliye pale chini ya mti." Alimjua kila punda kwa mama na bibi yake, kama alivyowajua ng'ombe wake. Wafugaji wa kuhama wanaobebesha nyumba na watoto wao juu ya punda hawawezi kuishi bila ujuzi huo. Sisi wakulima wa pwani tuliompokea punda kama chombo cha kubebea ndio tulioutupa.

Majike hayo mawili ndiyo mashina ya punda wetu wa leo. Katika daftari kila punda ana ukurasa wake: mama, baba, tarehe ya kuzaliwa, rangi, kimo begani, tabia yake alipowekewa mzigo mara ya kwanza, hali ya kwato kila masika, na majike yana safu ya tarehe za joto na za kupandwa. Jike la punda huja kwenye joto takriban kila baada ya majuma matatu na siku chache, na hubeba mimba kwa takriban miezi 12, wakati mwingine zaidi kidogo, ilhali ng'ombe hubeba kwa miezi 9. Mtoto ni mmoja; mapacha ni nadra na mara nyingi hawaishi. Kwa kuwa jike linafanya kazi na linanyonyesha, sisi tunalipandisha ili lizae mara moja katika miaka miwili. Hesabu yake ni ya polepole mno: jike jema linaweza kuacha watoto wachache tu wa maana katika maisha yake yote, ndiyo sababu kila upandishaji mmoja una uzito kuliko ule wa ng'ombe, ambaye ukikosea mwaka huu utarekebisha mwaka ujao kwa mrija mwingine.

Sifa ya kwanza ninayoitafuta ni utulivu, na siwezi kuibadilisha kwa kimo wala kwa nguvu. Mtoto wa jike tulivu hujifunza kwa mama yake: anamwona akishikwa mguu bila vita, anamwona akisimama pikipiki inapopita, na anafuata. Baada ya utulivu natazama kwato. Asili ya punda ni nchi kavu ya kaskazini mashariki mwa Afrika, alikofugwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na kwato zake ziliumbwa kwa mawe na mchanga mkavu. Katika tope la Muheza hulainika, hupasuka na kuoza kwa chini. Lakini haziozi sawasawa kwa punda wote. Wapo wanaomaliza masika na kwato ngumu, na wapo wanaochechemea kila mwaka, na katika madaftari yetu jambo hilo hufuata mama na baba kwa wazi kiasi kwamba jike linalochechemea miaka miwili mfululizo hatulipandishi tena hata likiwa zuri kiasi gani.

Kutengeneza kwato ni kazi ninayoifanya mwenyewe. Punda hufungwa kwa kamba fupi kwenye mti ambao mwenzake amesimama karibu nao, kwa sababu akiwa peke yake hana raha. Ninapapasa bega, nateremsha mkono mpaka kwenye kifundo, nambonyeza kidogo, naye hunipa mguu. Nauweka juu ya goti, natoa tope na vijiwe kwa kijiti cha chuma butu, nikianzia nyuma kwenda mbele ili nisichome sehemu laini ya pembetatu iliyo katikati. Hapo pua hufanya kazi kuliko macho: kwato nzima ina harufu ya udongo, kwato inayooza ina harufu ambayo ukishaijua hutaisahau. Kisu kilichopinda huondoa kilichokufa, tupa husawazisha ukingo, na pembe ya kwato lazima ifuatane na mfupa wa juu yake, isisimame kama kikombe wala isilale kama kiatu cha zamani. Jeraha lolote dogo tunalisafisha siku hiyo hiyo, kwani punda na farasi hushikwa na pepopunda kwa urahisi kuliko ng'ombe, na tunawachanja.

Jambo jingine ambalo nalisisitiza kwa kila mwenye ng'ombe na punda zizi moja ni dawa. Josho la amitrazi linalotumika kwa kupe wa ng'ombe ni hatari kwa punda, maana linaweza kusimamisha utumbo wake. Chakula cha ng'ombe kilichotiwa monensini humwua punda na farasi. Banda la punda lazima liwe na paa, kwa sababu manyoya yake hayazuii mvua kama ya ng'ombe, na punda aliyelowa usiku kucha asubuhi si mgonjwa wa kuonekana ila hana nguvu. Shida yake kubwa kuliko zote ni kwamba hasemi. Ng'ombe akiumwa hulala, huacha kucheua, hulia. Punda husimama pale pale, masikio yameinama kidogo tu, na asiyemjua atasema amechoka.

Kwa sababu hiyo mizigo nayo tunaiwekea mpaka. Punda wa huku ana uzito wa kilo 120 hadi 150 hivi. Madumu mawili ya lita 20 ya maji ni kilo 40, na huo ndio mzigo wa mgongoni tunaoruhusu, karibu na robo au theluthi ya mwili wake. Barabarani naona kila siku punda mwenye madumu manne, kilo 80, zaidi ya nusu ya uzito wake, na mara nyingi juu yake amekaa kijana. Watu hujibu kwa kusema punda afe mzigo ufike. Usemi huo ni wa mtu asiyelipia punda mwingine kesho. Aliyemlea mnyama miezi 12 tumboni mwa mama yake na miaka mitatu hadi minne malishoni hawezi kuusema.

Miaka hiyo ya kungoja ndiyo inayowashinda wengi. Meno ya katikati ya utoto hubadilika punda akiwa na miaka 2 na nusu, yanayofuata akiwa na 3 na nusu, na ya pembeni akiwa na 4 na nusu. Mnadani utakuta punda ambaye hajabadilisha hata jozi ya kwanza na tayari mgongo umebonyea. Sisi tunamzoesha mtoto kushikwa tangu siku za mwanzo, tunamvisha kamba ya kichwani anapoachishwa ziwa, anatembea na mama yake njia ya kituo cha maziwa bila kitu mgongoni, na akifikisha miaka mitatu hubeba shogi tupu, kisha majani, kisha nusu ya mzigo. Kazi kamili hungoja mwaka wa nne. Shogi zetu tunashona wenyewe kwa magunia ya mkonge, na sehemu inayokaa mgongoni tunaijaza sufi kutoka kwenye misufi iliyo mpakani mwa shamba, kwa sababu sufi haifanyi mabonge ya kuchubua ngozi kama nguo chakavu. Mfereji mwembamba huachwa katikati ili uti wa mgongo usiguswe na chochote. Mama ndiye bingwa wa kazi hiyo, na punda aliyevaa shogi ya mama hajawahi kupata kidonda cha mgongo.

Kipindi kigumu kwetu kilikuwa kile biashara ya ngozi iliposhika kasi. Ngozi za punda hupelekwa China kuchemshiwa dawa ya asili iitwayo ejiao, na mahitaji yake yalipokua, punda wa Afrika walianza kuchinjwa na kuibwa katika nchi nyingi. Mnyama anayezaa mtoto mmoja kwa miaka miwili hawezi kustahimili soko la namna hiyo. Hata wafugaji wote wangeamua kuzalisha, machinjio yangewatangulia. Tulilala kwa zamu zizini, na tulikataa bei ambazo kwa familia yenye ada za shule si rahisi kuzikataa. Mwaka 2022 serikali yetu ilipiga marufuku uchinjaji wa punda, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa waliafiki kusimamisha biashara ya ngozi zake barani kote kwa miaka 15. Nayaunga mkono maamuzi hayo kwa moyo wote. Hata hivyo marufuku huokoa punda waliopo tu. Haiwarudishi wale wenye ukoo mzuri waliokwenda, wala haimfundishi mtu kuchagua dume.

Dume ndiye kazi yetu ya sasa. Vijijini madume yaliyo mazima ni yale ambayo hakuna aliyejali kuyahasi, yanazurura, yanapigana, na yanapanda majike machanga yasiyofikia umri. Sisi tunahasi madume yetu karibu yote yakiwa bado machanga, tunayauza kama punda wa kazi, na daima tunayauza wawili wawili waliozoeana, kwa kuwa punda aliyetenganishwa ghafla na mwenzake anaweza kususia chakula hadi mafuta yajae kwenye damu yake na akafa. Dume tunalobakiza lazima liwe mtoto wa jike ambalo halijawahi kuchechemea, liwe na mgongo ulionyooka, na likubali kushikwa miguu na mtoto wa shule. Tena lazima liwe pole kwa ndama, maana dume kali la punda linaweza kumuuma ndama hadi kumwua.

Majirani walianza kutuomba dume hilo baada ya kuona watoto wake, nasi tunawaazima bila malipo kwa masharti ambayo kaka yangu aliyaandika na kubandika mlangoni pa stoo. Jike linaloletwa liwe limebadilisha angalau jozi mbili za meno. Lisiwe na kidonda. Lije na mwenzake na likae kwetu hadi joto liishe, likila majani yetu. Mwenye jike apokee ukurasa wa daftari wenye jina la dume, mama wa dume na tarehe ya kupandwa, aurudishe mtoto akizaliwa ukiwa umejazwa rangi, jinsia na siku ya kuzaliwa, na mtoto akiwa dume amlete kwetu ahasiwe, isipokuwa kama tumekaa pamoja tukamtazama miguu na kukubaliana vinginevyo. Katika msimu huu wa vuli tumepokea majike kutoka vijiji viwili vya jirani, na mwenye mmoja wao, mama mjane anayeuza maji barabarani, ameniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mnunuzi wa punda: mama yake dume huyu yuko wapi, na anaweza kumwona akiwa kazini? Kesho asubuhi, baada ya kukamua, atafuatana nasi hadi kituo cha maziwa.